Mizani Haijui Siku Zako

Mazungumzo ya timu ya afya katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, ili hata wale ambao hawakufika wayasome pamoja katika vikundi vyao.

Nyinyi wazee mlioketi huko nyuma karibu na mlango, tunawaona. Tunaona wawili wenu wameanza kutafuta kofia baada ya kusikia kichwa cha mazungumzo. Tafadhali ketini. Maneno haya ni ya nyumba nzima. Mama akiugua presha haumii peke yake. Shamba linalala, watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mzee anauza mbuzi kulipa hospitali.

Leo tunazungumza juu ya uzito wa mwili na siku za mwezi. Wengine watasema mambo ya hedhi si ya kusemwa mbele ya watu. Lakini mkumbuke yule mama wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Alikuja kwa kujificha, akitetemeka. Bwana hakumfukuza wala hakumwaibisha, bali alimwita binti. Basi nasi tusione haya kusema jambo ambalo Mungu mwenyewe ameliweka katika mwili wa mwanamke.

KOSA LETU WENYEWE

Tutaanza kwa kuungama. Mnajua kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hapa Kenya, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Na sisi tulikuwa tunaona vivyo hivyo kwenye zahanati: presha, sukari, magoti yanayouma. Kwa hiyo tulivishauri vikundi vianze kupima uzito, na kina mama waliozidi wapunguze kidogo kidogo kwa chakula na mazoezi. Shauri hilo lilikuwa jema, na bado ni jema.

Kosa lilikuwa katika namna ya kupima. Tulipanga kupima Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya mkutano wa kuchangishana. Katibu anasoma kilo kwa sauti. Aliyepungua anapigiwa makofi. Aliyeongeza analipa faini ya shilingi hamsini. Tulidhani tunatia watu moyo.

Kulikuwa na mama mmoja katika kikundi kimoja, tuseme tu mama mmoja. Alikuwa na presha na alianza na kilo 88. Mama huyu alifanya kila kitu. Aliacha mandazi ya asubuhi, akapunguza mafuta ya kupikia, akawa anatembea kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda. Mwezi wa pili alikuwa 87. Wa tatu, 86. Wa nne, 85 na kidogo. Makofi kila mara. Mwezi wa tano akapanda mizani, katibu akasoma: 86 na nusu.

Watu walicheka. Si kwa ubaya, mnajua vile watu hucheka. Mwingine akasema, "Mama, hizo chapati ulikula usiku gani?" Alilipa shilingi hamsini, akaketi, na hakusema neno. Mkutano uliofuata hakuja. Alirudia mandazi yake. Alisema moyoni, nimejinyima miezi minne na mwili umekataa, basi Mungu aliniumba hivi.

Tulimwona tena baada ya miezi minane. Aliletwa zahanati akiwa na kichwa kinachouma na macho yenye giza. Presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Tunamshukuru Mungu kwamba alifika mapema. Muuguzi alipokaa naye wakaongea polepole, alimwuliza juu ya ile siku ya mizani. "Ulikuwa karibu na siku zako?" Mama akafikiri. Akasema, "Nilipata Jumatatu. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya maziko ya jirani."

Alipimwa Jumamosi, akapata hedhi Jumatatu. Yaani alipimwa siku mbili kabla. Ndugu zetu, mama yule hakuwa amenenepa hata kidogo. Alikuwa amebeba maji.

Mnajiuliza, kwa nini miezi minne ya kwanza haikutokea hivyo? Hesabuni wenyewe. Kutoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi mmoja hadi Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaofuata, mara nyingine ni wiki nne, mara nyingine ni wiki tano. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28 hupata hedhi kila baada ya wiki nne. Kila mwezi wenye wiki tano unamsogeza wiki moja mbele. Alianza kupimwa wiki moja baada ya hedhi kuisha, wakati mwili ni mwepesi. Baada ya miezi miwili kama hiyo akaangukia mkesha wa hedhi, wakati mwili ni mzito. Kalenda yetu ndiyo iliyomwangusha, si chapati.

MAJI YANA KILO

Hebu tuone kwa macho. Mama mmoja aje hapa mbele. Asante, mama. Panda mizani. Tumeona kilo 74. Sasa shika chupa hii ya lita moja iliyojaa maji. Tunasoma 75. Je, mama huyu amenenepa? Hapana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ikiwa iko mkononi au iko ndani ya mwili, mizani haijali. Mizani inapima mifupa, nyama, mafuta, maji, chai uliyokunywa, choo ambacho hujaenda, na hata leso uliyojifunga. Inajumlisha yote na kukupa namba moja. Haikuambii ni kitu gani kimeongezeka.

Chukueni mfano wa leso. Leso kavu ni nyepesi. Ukiitoa kwenye beseni kabla ya kuikamua, ni nzito kabisa. Je, kitambaa kimeongezeka? Kitambaa ni kile kile. Ndivyo mwili ulivyo kabla ya hedhi. Ni leso ambayo haijakamuliwa.

Sasa tuseme habari ya mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo tunayotaka kupunguza. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta, unahitaji nguvu za chakula zinazokaribia zile zilizomo katika pakiti nzima ya unga wa mahindi ya kilo mbili. Tena hiyo ni juu ya chakula chako cha kila siku, si badala yake. Kwa hiyo mwanamke ambaye kilo zake zimepanda moja na nusu kwa siku tatu, kama yangekuwa mafuta, angekuwa amemaliza pakiti moja na nusu ya unga zaidi ya chakula chake cha kawaida katika siku hizo tatu. Nani hapa anaweza? Hata vijana wa kufyatua matofali hawawezi. Kilo zinazokuja kwa siku mbili tatu ni maji na vilivyomo tumboni. Mafuta huja polepole, na huondoka polepole.

MWILI UNAFANYA NINI KATIKA MWEZI

Siku ya kwanza ya kuona damu tunaihesabu kuwa siku ya kwanza ya mzunguko. Wengi mzunguko wao ni kama siku 28, lakini kwa mwanamke mzima kuanzia siku 21 hadi 35 ni kawaida.

Nusu ya kwanza, baada ya hedhi kuisha, wanawake wengi hujisikia wepesi. Halafu yai hutoka, kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Baada ya yai kutoka, mwili hujiandaa kama kwamba kuna mimba inakuja. Hutengeneza kwa wingi homoni inayoitwa projesteroni, na ile nyingine, estrojeni, pia ipo. Homoni ni kama wajumbe wa chifu, zinapeleka habari kwa damu kila mahali mwilini. Katika siku hizi mwili hushika chumvi na maji zaidi. Ndiyo sababu matiti hujaa na kuuma, pete inabana kidole, viatu vinabana jioni, na sketi iliyokuwa sawa juzi leo haifungi.

Kuna jambo la pili. Projesteroni hulegeza matumbo, chakula kinatembea polepole. Wengine hukosa choo siku mbili tatu na tumbo hujaa hewa. Hiyo nayo mizani inaihesabu.

Jambo la tatu ni njaa. Wengi wenu mnajua, kabla ya hedhi mtu anatamani vitu vitamu, au chapati, au viazi vya kukaanga. Huo si ulafi. Mwili wenyewe unatumia nguvu kidogo zaidi siku hizo na unadai chakula. Lakini kumbuka kwamba unadai kidogo, haudai sahani tatu.

Kwa wengi uzito huongezeka nusu kilo hadi kilo mbili. Wengine huongeza zaidi, na wengine hawaoni tofauti yoyote. Kila mwili na desturi yake, kwa hiyo usijilinganishe na jirani. Maji hayo hufikia kilele karibu na siku ya kwanza ya damu, halafu siku zinazofuata mtu huenda haja ndogo mara nyingi, na mwili unarudi kama ulivyokuwa.

Hapa tuondoe uongo mmoja. Wengine wanasema uzito ule ni damu chafu iliyojaa. Si hivyo. Kwanza damu ya hedhi si chafu. Pili, damu yote ya hedhi moja kwa kawaida ni kama vijiko vya chai 6 hadi 16. Haiwezi kuwa kilo mbili.

MAMBO YANAYOHARIBU

Kama kosa lingeishia kwa mtu kukata tamaa, tungesema tu pole. Lakini kuna wanaofanya mambo ya hatari, na hapa tusikilizane vizuri.

Wa kwanza ni yule anayenunua vidonge vya kukojoza, au anaazima kwa jirani mwenye presha. Dawa hizo ni nzuri kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Wewe ukizimeza ili mizani ishuke, unapoteza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji. Mwingine alianguka akiwa shambani, jembe mkononi. Mafuta hayakupungua hata kijiko kimoja.

Wa pili ni yule anayekunywa majani au chai ya kukondesha inayouzwa sokoni na kwenye matatu. Nyingi ya hizo kazi yake ni kuharisha. Ukihara siku mbili utapungua kilo, ndiyo. Utakunywa maji na kilo zitarudi. Umelipa pesa ili uhare.

Wa tatu ni yule anayeacha kunywa maji, akidhani maji ndiyo yanayomjaza. Kuacha maji hakuondoi maji ya hedhi. Kunaleta kuumwa na kichwa na kufunga choo zaidi.

Wa nne ni yule anayekaa na njaa siku mbili kabla ya kupimwa. Jioni ya siku ya kupimwa anakula kila kitu kilichomo jikoni, hata ugali wa kesho. Haraka haraka haina baraka.

Wa tano ni sisi viongozi, tunaosoma kilo za watu kwa sauti na kutoza faini. Faini ya kuchelewa mkutano, sawa. Faini ya mwili wa mtu, tuiache kuanzia leo.

TUFANYE NAMNA GANI

Kwanza, tumia mizani moja, na iwekwe mahali pa saruji palipo sawa. Ukiiweka juu ya mkeka au udongo inadanganya. Pima asubuhi baada ya kwenda choo na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi na bila viatu. Kama kikundi kinapima mchana, basi iwe saa ile ile kila mara. Siku hizi wahudumu wa afya ya jamii wengi wana mizani na mashine ya presha, waombeni wawatembelee.

Pili, kila mama awe na daftari lake. Aandike tarehe, kilo, na aweke alama ya msalaba siku anazoona damu. Daftari ni lake, si la kikundi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote leo: linganisha wiki na ndugu yake. Wiki ya baada ya hedhi uilinganishe na wiki ya baada ya hedhi iliyopita. Wiki ya kabla uilinganishe na ya kabla. Mkulima halinganishi mavuno ya mvua za masika na mavuno ya mvua za vuli halafu akalia. Analinganisha masika na masika.

Tuone mfano wa daftari. Huu ni mfano tu, si wa mtu fulani:

Wiki ya 1, baada ya hedhi: kilo 82.0
Wiki ya 2: kilo 81.3
Wiki ya 3: kilo 81.0
Wiki ya 4, kabla ya hedhi: kilo 82.4
Wiki ya 5, baada ya hedhi: kilo 80.4
Wiki ya 6: kilo 79.9
Wiki ya 7: kilo 79.5
Wiki ya 8, kabla ya hedhi: kilo 81.0
Wiki ya 9, baada ya hedhi: kilo 79.0

Mama huyu akiangalia wiki ya kwanza na ya nne peke yake, ataona ameongeza karibu nusu kilo, na atatupa daftari jikoni liwashie moto. Lakini wiki ya kwanza na ya tano: amepungua kilo moja na zaidi. Wiki ya nne na ya nane: amepungua kilo moja na zaidi. Kutoka wiki ya kwanza hadi ya tisa amepungua kilo tatu. Mama huyu anashinda. Tofauti ni kujua mahali pa kutazama.

Nne, usitegemee mizani peke yake. Chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno, katika wiki ya baada ya hedhi. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya presha na sukari inaanza kupanda, na kikipita 88 hatari ni kubwa. Kama huna utepe, tumia kamba, ufunge fundo. Fundo likisogea ndani, unaendelea vyema. Na upimwe presha. Hiyo ndiyo sababu tulianza safari hii.

Tano, punguza chumvi, hasa wiki ya mwisho kabla ya hedhi. Mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, krisps na vidonge vya mchuzi. Chumvi inashika maji. Usiweke chumvi mezani.

Sita, jiandae na ile njaa. Usipigane nayo kwa tumbo tupu. Kuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, githeri isiyo na mafuta mengi, chungwa, ndizi, njugu kiasi cha kiganja. Kula maharagwe, ndengu na mboga za majani kama terere na managu. Zinasaidia choo na zinaongeza damu, maana kila mwezi unapoteza damu. Mwenye omena ashukuru Mungu.

Saba, tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu. Siku ya kwanza ya hedhi kama tumbo linauma, punguza mwendo, hakuna dhambi.

Na tusitake mambo makubwa kwa haraka. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo nne tu, presha yake na sukari yake zinaweza kuanza kusikia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza.

WANAUME NA MAJIRANI

Wazee, kazi yenu ni ndogo lakini ni nzito. Mama akikuambia amejisikia mzito wiki hii, usimwambie, "Si nilikuambia hutaweza?" Mwambie, "Ngoja wiki ijayo." Na usidai chakula chenye mafuta mengi kisha ulalamike kwamba mama amenenepa. Mnakula chungu kimoja.

Majirani nao. Katika vijiji vyetu mtu akipungua, watu wanaanza kuuliza anaumwa na nini, na wengine wanajijibu wenyewe. Kuna kina mama waliorudia kula ili tu midomo ifungwe. Kikundi kiwe ukuta wa kumkinga mtu na maneno hayo. Mkisikia, semeni wazi: "Dada yetu anatunza presha."

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Maji ya hedhi huja na kuondoka. Yasipoondoka, si ya hedhi. Nenda zahanati ukiona miguu au uso umevimba na haupungui baada ya hedhi, ukibonyeza mguu kidole kinaacha shimo, ukipumua kwa shida ukilala, au kilo zikipanda kila wiki bila kushuka. Inaweza kuwa moyo au figo. Kama una mimba na umevimba uso au mikono, kichwa kinauma au macho yanaona giza, usingoje hata kesho.

Na anayepungua bila kujaribu, hasa akiwa na kikohozi, homa au jasho la usiku, asishangilie. Aende akapimwe.

Mjamzito asijipunguze. Anayenyonyesha azungumze na muuguzi kwanza. Wasichana wanaokua wasiwekwe kwenye mizani ya mashindano. Msichana au mama anayejinyima chakula mpaka hedhi ikakatika, mwili unalia msaada. Na kama hedhi imekosekana, kabla ya kulaumu chakula, pima mimba.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: Mimi nilidungwa sindano ya kupanga uzazi, sioni siku zangu. Nitalinganisha nini?
Jibu: Jipime kila wiki siku moja, jumlisha kilo za wiki nne, gawanya kwa nne. Linganisha jumla hiyo iliyogawanywa na ya wiki nne zilizotangulia. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Ukiona hivyo, rudi kwa muuguzi mzungumze juu ya njia nyingine, usiache kimya kimya.

Mama mwingine: Siku zangu hazina mpango. Mara wiki tatu, mara wiki sita.
Jibu: Fanya hesabu hiyo hiyo ya wiki nne. Na umwone muuguzi, maana siku zinazoruka hivyo zina sababu, na wakati mwingine uzito wenyewe ndio sababu.

Nyanya mmoja: Mimi hedhi ilikwisha zamani. Maneno haya yananihusu?
Jibu: Shosho, maji ya hedhi hayakuhusu tena, kwa hiyo mizani yako inaruka kidogo kuliko ya binti yako. Lakini chumvi ya jana na choo bado vinakuhusu. Na kazi yako kubwa ni kumwambia binti yako asikate tamaa.

Baba mmoja: Wiki ya kwanza nilipoacha soda na kupunguza ugali nilipungua kilo tatu, halafu ikasimama. Mimi sina hedhi. Ni nini?
Jibu: Hata wewe, mzee, ulibeba maji. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji mengi. Ukipunguza chakula, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Baada ya hapo kinachoendelea kupungua zaidi ni mafuta, polepole. Endelea.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeacha kupima kwa sababu ya aibu? Nani ataenda kumtembelea?
2. Tutapima namna gani ili kilo za mtu zibaki siri yake?
3. Ni chakula gani cha hapa kwetu, kisicho cha pesa nyingi, kinaweza kutusaidia siku za njaa kabla ya hedhi?
4. Tutawaeleza vipi wasichana wetu mambo haya kabla hawajaanza kununua dawa za kukondesha?

MWISHO

Mtauliza, yule mama yuko wapi? Yuko. Alirudi kwenye kikundi chake, lakini kwa masharti yake mwenyewe. Alisema, "Nitapima nyumbani kwa muuguzi, wiki moja baada ya hedhi, na katibu asione." Tukakubali, na kikundi kizima kikaomba kufanya vivyo hivyo. Anameza dawa zake za presha kila siku kama alivyoambiwa, na anatembea kwenda sokoni. Mwezi mmoja kilo zinashuka, mwezi mwingine zinasimama. Hatujamwuliza ni ngapi. Tumemwuliza presha, na presha imeshuka.

Zile shilingi hamsini tulimrudishia mbele ya kikundi. Alizipokea, akazitia kwenye sahani ya mchango, akaketi mbele safari hii, si nyuma.

Mungu awabariki. Sasa chai iko tayari, na sukari kila mtu ajiwekee mwenyewe.